Mgeni Aliyekataa Kusimama Bungeni

Benchi la nje ya kibanda cha kinyozi lina miguu mitatu na tofali moja, na kila jioni hubeba watu wenye majibu ya kila kitu. Jioni hiyo kinyozi mwenyewe alikaa pembeni, kahawa imempoa mkononi. Siku iliyotangulia alikwenda kutalii bungeni na kundi la wageni. Alikuwa ametangaza mtaa mzima, hadi kwa baba wa mchumba wake, kwamba wakae kwenye runinga wamwone akisimama Spika atakapowataja wageni. Spika akawataja. Wenzake wakasimama, wakapunga mikono. Yeye akabaki kitini kama gunia la mkaa. Sasa mzee mkwe ametuma neno kwamba anakuja, wala hakusema kwa heri au kwa shari.

— Hebu rudia, akasema Dobi. Uligoma au ulisinzia?

— Suruali, bwana! Ile uliyoniazima wewe, ya mteja wako mwenye kiuno cha pipa. Mlangoni wakasema vua mkanda, weka kwenye beseni upite kwenye mashine. Simu wakaichukua, wakanipa kibao cha namba. Nikadhani na mkanda ni hivyo hivyo, mpaka wakati wa kutoka.

— Na wenzako?

— Walivaa yao palepale! Mimi kuja kustuka, nimeshakaa juu kwa wageni, suruali nimeishika kwa mikono miwili. Nisimame nipunge na nini?

Profesa, fundi redio ambaye shule aliionea dirishani, akasafisha koo.

— Hapo kuna siri ya dola. Chini ya lile zulia kuna sumaku. Ukipita na chuma cha mkanda, unavutwa mpaka kwenye kiti cha mheshimiwa. Ukishakikalia, hung'oki.

— Kumbe ndiyo maana hawang'oki! Dobi akapiga paja.

— Jamani, mzee nimwambie nini? akauliza kinyozi. Yule binti alimpenda kweli, hapo hakuwa na utani.

— Mwambie mguu ulikufa ganzi, akashauri Dobi.

— Mwambie mgeni siku ya tatu hupewa jembe, akasema Profesa. Ungesimama, wangekulimisha.

— Mwenzenu nitanyimwa mke!

— Basi wahenga walisema mficha uchi hazai, Dobi akadakia. Ungesimama tu!

Hapo mzee mkwe akatokea. Kinyozi akaruka wima.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba. Kaa, mbona wima hivyo?

— Baba, ile ya jana, ni ganzi...

— Ganzi gani? Sisi hatukuona kitu. Umeme ulikatika hata dua haijaisha.

Kinyozi akashusha pumzi. Dobi akamkanyaga mguu kwa furaha.

— Ndiyo maana nimekuja, mzee akaendelea. Jana walijadili ile barabara inayotaka kupita uani kwangu. Nikawaambia ndugu zangu tulieni, mkwe wetu yumo ndani na masikio yake mawili. Haya, wamesemaje? Inapita, haipiti?

Kinyozi akamtazama Dobi. Dobi akamtazama Profesa. Profesa, ambaye hajawahi kukosa jibu, akaomba aongezewe kahawa.

— Baba... mimi hasa nilikwenda kutalii.

Mzee akatikisa kichwa polepole.

— Sawa, mwanangu. Bungeni ulikwenda kutalii. Na kwangu je, unakuja kuoa au kutalii?

Aliuliza kwa upole, na upole huo ndio uliomtoa kinyozi jasho.