Ulimi wa Mama Onja

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka mpishi wa kantini ya kiwanda, aliyezoeleka kwa jina la Mama Onja. Sufuria haikutoka jikoni kwake bila yeye kuonja. "Chumvi imelala hii," alikuwa akisema, na wenzake hulikimbilia kopo la chumvi.

Mama Onja aliugua saratani ya titi. Alitibiwa, na dawa zikamkubali. Uvimbe ukaanza kupungua. Hilo lishikeni, wasikilizaji: uvimbe ulikuwa unapungua.

Aliyemuuguza ni mdogo wake, mshona nguo. Dawa zilipomshusha nguvu dada mtu, utando mweupe ukamtanda mdomoni. Ni fangasi. Akapewa vidonge. Alipopata nafuu aliviacha, vilivyobaki akavifunga kwenye leso. Utando ukirudi, anameza kimoja au viwili, anaacha tena. Ikawa ndiyo desturi.

Na kila asubuhi ya kliniki, kabla hawajatoka, kulikuwa na kazi.

"Sugua ulimi huo."

"Dada, utaumia."

"Nimfunulie daktari uchafu huu? Watasema jikoni kwangu kulikuwaje! Mashati ya mabosi unayaweza, ulimi mmoja unakushinda?"

Mdogo wake alicheka, akaviringisha kitambaa laini kidoleni, akasugua taratibu, huku akimpuliza kama mtoto. Daktari akiuliza habari za mdomo, Mama Onja anajibu, "Kumetulia, mwanangu." Daktari anatazama, anaona wekundu tu. Utando wa kupima haupo.

Siku moja mpishi aliyeshika nafasi yake alimletea supu. "Mama, tuonjee."

Akaonja kwa shida. "Imekolea, baba. Hapo umepatia."

Mpishi akashukuru, akamfunika miguu vizuri, akatoka. Uani alimkuta mshonaji akianua nguo.

"Mama mdogo, naogopa. Supu ile nilisahau kuitia chumvi. Haina hata chembe."

Mshonaji aliziacha nguo kambani. Kesho yake walikwenda kliniki bila kusugua, naye akasema yote: kitambaa, leso, vidonge vya kuokoteza. Nesi hakumfokea. Alimshika mgonjwa kidevu kwa upole, akapangusa utando kwa pamba, akaupeleka maabara. Jibu likarudi: fangasi wale walikuwa wamekuwa sugu. Vidonge vile havikuwaweza tena.

Kufikia hapo koo lilikuwa limeshashambuliwa. Hamezi chakula, hamezi hata maji. Dawa za saratani zikasimamishwa, maana mwili haukuzihimili. Alianzishiwa dawa nyingine ya mshipani, lakini fangasi walikuwa wameshaingia kwenye damu. Mama Onja akatutoka. Uvimbe, wasikilizaji, ulikuwa bado unapungua.

"Nilipomsafisha nilidhani namsitiri," mdogo wake ametuambia. "Kumbe nilimficha kwa wale waliotaka kumsaidia."

Mama mdogo, pole sana. Mikono yako ilikuwa ya upendo, na hakuna anayekulaumu hapa. Poleni familia nzima, poleni na ninyi wa kantini.

Na wewe unayemuuguza mtu wako, tafakari kidogo leo. Dozi aliyopewa aimalize. Mdomo aoshe, ni vyema. Lakini kinachomuuma akiseme, na utando ukirudi, mpeleke nao ulivyo. Mwambie mgonjwa wako kwamba mbele ya daktari hakuna aibu. Mwambie sasa hivi, wakati bado anaweza kukujibu.