Risala ya Kikundi cha Kinyume Kuhusu Karamu Iliyochapwa kwa Makosa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Utamaduni wa Kaunti. Mwenyekiti wa kamati ya soko, Bwana Wamae. Wazazi, wafanyabiashara na majirani, hamjambo nyote.

MAKARIBISHO

Tunafurahi kukuona Naro Moru, ingawa mlima umejificha leo. Karibu katika chumba chetu. Ukisalimiwa kwa kiwiko usidhani ni madharau, mikono yetu ina wino.

TULIKOTOKA

Kikundi kilianza mwenzetu Kihara alipoumia goti. Alikuwa akiwabebea wageni mizigo mlimani, na alipokatazwa kupanda akaanza kuchonga picha kwenye vipande vya mpira wa sakafu. Mpira hupakwa wino, karatasi hulazwa juu, vyote vikapitishwa kwenye mashine. Picha hutoka imegeuka, kwa hiyo maneno huchongwa kinyume, na jina letu likatoka hapo. Bwana Wamae alitupa chumba hiki cha soko, fundi wa Nyeri akatuundia mashine, nasi tukaifunga sakafuni kwa simiti.

MAFANIKIO

Mheshimiwa, ulipopita hapa mara ya kwanza ulisimama mbele ya kitambaa hiki chenye maduara meusi ukauliza, "Na picha zenyewe ziko wapi?" Tuliona haya. Tunaomba kujibu leo.

Tulikuwa tumeandaa maonyesho yaitwayo "Kalamu na Rangi". Kihara ndiye aliyechonga tangazo. Alihangaika na herufi zile mpaka shingo ikamuuma, kila moja akiigeuza, akiikagua kwenye kioo cha kunyolea. Zote zilitoka vizuri. Ila neno "kalamu" alilichonga jinsi linavyotamkwa kwao, na kwa kuwa sisi sote tunalitamka hivyo hivyo, tulilisoma tukaona liko sawa. Tukabandika soko zima: KARAMU NA RANGI. NJOONI NYOTE. HAKUNA KIINGILIO.

Siku ya maonyesho Kihara alifungua mlango akakuta watu wamejaa, na wengine wamebeba sahani. Mbele alikuwa Cucu Wanja, bibi mzee anayeuza kabichi pale langoni.

"Kihara, chakula ni saa ngapi?"

"Chakula gani, cucu?"

"Si ni wewe umeandika karamu? Ama hiyo ni karamu ya kuangalia na macho?"

Kihara alitazama tangazo. Alilisoma polepole, midomo ikicheza. Alitaka kurudi ndani ajifungie. Lakini Cucu Wanja alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, na huwezi kumrudisha mtu nyumbani akiwa amevaa hivyo.

"Chakula kinakuja, cucu," akasema, akamkimbilia Warigia wa hoteli huku goti likimlalamikia.

Warigia alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akainua sufuria yake ya githeri, mahindi na maharagwe. Wauza viazi wakaleta viazi, mtu akaleta majani chai, tukala hapa hapa tukizungukwa na picha ambazo hakuna aliyeziangalia.

Watu waliposhiba, Kihara alitandika kitambaa cheupe sakafuni. Akamwomba kila mmoja apake wino chini ya sahani yake, kisha aigandamize pale pale alipokuwa ameketi. Mheshimiwa, maduara uliyoyaona ndiyo hayo. Haya yanayogusana ni ya familia moja. Hili lenye pengo ni la sahani iliyovunjika ukingo. Cucu Wanja alichapa mara mbili. Kihara alipomuuliza, alijibu, "Hii ingine ni ya mzee. Hawezi kutoka kitandani, lakini na yeye alialikwa."

Hatukuchora sahani. Tulichapa kwamba watu walikuja wakaketi pamoja. Kwa sanaa hii wazo hutangulia, na chapa hubaki kuthibitisha kwamba kitu kiligusa kitu. Tangu siku hiyo watu huja wenyewe kutafuta duara lao, na wakiwa hapo huangalia hata kazi nyingine.

CHANGAMOTO

Kamati inataka chumba hiki kiwe stoo ya viazi mvua ikianza. Hatuna kinyongo, viazi vikioza ni vya wazazi wetu. Bwana Wamae ametuambia waziwazi, "Waziri akisema hii ni sanaa, mtakaa. Akisema ni sahani, mtahama." Kihara amesema tukihama ataenda Nanyuki kutafuta kazi ya ulinzi wa geti.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi mengi, tukayafuta ili hili lisipotee katikati. Tunaomba tubaki. Magunia yanaweza kupangwa ukuta wa nyuma, nasi tukaachiwa dirisha na mashine. Tuko tayari kuishi na viazi.

Jana tulimkuta Kihara na patasi, akigongagonga simiti kwenye mguu wa mashine.

"Unafanya nini?" Warigia akamuuliza.

"Naona tu kama inaweza kutoka."

"Na inatoka?"

"Wapi. Hii tulifunga kama watu wa kukaa."

Mheshimiwa, tunaomba jibu kabla hujaondoka. Na ukilitoa, mwangalie yeye. Ndiye yule pale kando ya mashine, anayejifanya anafuta wino.

Mungu akufikishe salama, na azibariki kazi za mikono yako.

Ni sisi,
Kikundi cha Sanaa cha Kinyume, Naro Moru.
Imesomwa kwa niaba yao na katibu, Anita Waweru.