Pikipiki ya Kwenda Rongai

Ukitoka mjini ukielekea Rhonda, kabla lami haijachoka kabisa, utaona karakana ya Mzee Pritam, na mbele yake benchi refu lililokuwa la kanisa fulani kabla kanisa hilo halijanunua viti vya plastiki. Kando ya benchi niko mimi, na jiko langu, na birika ya kahawa chungu yenye tangawizi. Naitwa Mama Sue. Mimi siketi, nasimama, na mtu aliyesimama huona mengi kuliko mtu aliyeketi. Wanaoketi ni walewale kila siku, na wanabishana utadhani kuna tajiri mahali anawalipa. Mimi sina maoni. Niko na kahawa, na mandazi kama umewahi.

Nikutajie watu wa benchi, si wengi. Mzee Pritam mwenyewe, fundi mwana wa fundi, tunamwita Spana. Ogola anaendesha lori la kubeba ule udongo mweupe wa Kariandusi, na nyusi zake ni nyeupe hadi Jumapili aoge vizuri, kwa hivyo ni Unga. Bhavin ana duka la spea hapo ng'ambo. Huyo anakupa garantii ya kila kitu hadi ya mvua, basi jina lake ni Garantii. Na kuna Mathenge. Mathenge tunamwita Safari, kwa sababu amekuwa akienda Rongai tangu mwezi wa nne na hajawahi kutoka hapo.

Rongai anaenda kumchukua bibi yake, Jepkoech. Mathenge ni mtu wa huku, Jepkoech ni mtu wa kule, na mwezi wa kwanza, baada ya kura, huku na kule zilikuwa mbali sana. Hapa kwetu mwezi huo hatuutaji, tunasema tu "ile wakati." Basi ile wakati ndugu zake Jepkoech walikuja na lori wakamchukua, yeye na majirani wengine, wakapangwa juu ya magodoro na majiko na kuku. Mathenge alishika mlango wa nyuma wa lori akamwambia, nitakuja mwenyewe kukuchukua, na siku hiyo hutakalia godoro, utakaa kama mtu. Lori likaenda. Simu ya Jepkoech ikawa mteja hapatikani, hadi leo.

Barabara ilipofunguka, makanga walianza tena kuita Rongai, Rongai, na mimi nikamuuliza Mathenge kwa nini hapandi gari moja akafika huko kabla ya chai ya saa nne. Akaniambia mtu hawezi kuenda kwa wakwe kudai bibi halafu amrudishe akiwa amebanwa na kabichi za wenyewe. Alikuwa ameahidi. Nikamwambia sawa. Lakini alikuwa anaogopa, hiyo ndio maneno. Aliogopa kufika kwa boma aambiwe hana mtu hapo. Sisi sote tulijua, na yeye alijua tunajua, na mradi pikipiki haijaisha, hakuna mtu alikuwa amemkataa.

Pikipiki ilikuwa ya kaka yake Garantii, aliyehamia Kanada akaiacha chini ya turubai. Si hizi za kubebea maziwa. Ni zile kubwa za Kijapani za mwendo mrefu, tumbo pana, kioo mbele, viti viwili, ya mtu anayetaka kufika Kampala mgongo ukiwa bado wake. Ilipoletwa hapa ilikuwa tumbo tu. Gurudumu la mbele lilitoka kwa nyingine iliyouzwa kwa mnada. Shokomzoba zilitoka kwa nyingine tena, zikawa ndefu, Mzee Pritam akalazimika kuikata chuma na kuichomelea upya. Kioo cha mbele kilikuwa mlango wa kabati la keki. Maboksi ya pembeni ni mabati, taa ya nyuma ni ya trela, na ikiwaka unaweza kusoma gazeti. Kwa sababu kila kitu kilitoka mahali pake na hakuna kilichompenda mwenzake, Unga aliibatiza Mseto, kama ile serikali.

Kiti cha nyuma ndicho Mathenge alifanya mwenyewe. Sponji aliitoa kwa kiti cha lori, egemeo kwa kiti cha kinyozi. Pahali pa kuwekea miguu alipima na sendo moja ya Jepkoech iliyobaki nyumbani. Alikuja nayo kwa mfuko wa karatasi, akapima, akairudisha kwa mfuko. Siku hiyo benchi halikumcheka, na hilo benchi hucheka matanga.

Halafu kila ikikaribia kuisha, walimpatia sababu nyingine. Unga ndiye mbaya zaidi, kwa sababu anajua methali na hajui zinafanya kazi gani. Alisema mnyororo lazima ufunikwe, maana wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na suruali ya Mathenge ni pana. Wakafunika mnyororo. Alisema waya zisigusane, kwa maana kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Wakafungua waya zote wakaanza upya. Wiki nzima alitaka chujio la hewa lijazwe udongo wa Kariandusi, akidai kama udongo huo unachuja bia, vumbi ya Rongai ni nini? Mzee Pritam alijaribu kidogo ili apate amani, na Mseto ikakohoa kama mtu wa kifua hadi jioni.

Sasa siku ninayosema, Novemba, mahindi yakivunwa, Mseto ilikuwa imebaki rangi tu. Ilisimama pale mbele ya karakana na rangi yake ya kijivu, ile ya kupakwa chini. Mathenge alikuwa chini yake amelala chali, anakaza kitu ambacho nafikiri kilikuwa kimekazwa jana. Miguu tu ndio ilionekana.

Garantii alianza kwa kusema rangi ya machungwa iko dukani, mikebe miwili.

— Machungwa ni chama, Unga akasema. Utampeleka huyu mtu barabarani na rangi ya chama?

— Basi bluu.

— Bluu ni chama.

— Nyekundu.

— Nyekundu ilikuwa chama, ikahama.

Garantii akafikiri, akataja kijani. Unga akasema kijani ni ya wale walishindwa, na hao ndio wako na hasira zaidi. Mzee Pritam, ambaye huongea akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, akauliza nyeupe nayo imefanya nini. Wakamwambia nyeupe ni ambulansi. Nyeusi? Nyeusi ni matanga, na mtu haendi kuchukua bibi na matanga. Kutoka chini ya pikipiki sauti ya Mathenge ikasema pinki hataki, na hakuna mtu alikuwa ametaja pinki.

Hapo ndipo hoja zilianza kupanda. Unga alitaka upande wa kushoto uwe rangi moja na wa kulia nyingine, ili Mathenge akifika soko achague upande wa kuonyesha watu. Garantii akauliza, na akirudi? Si pande zitageuka? Unga akasema akirudi arudi na rivasi. Garantii naye akasema ana binamu Dubai anayeuza rangi ya kubadilika na jua, asubuhi ni hii, jioni ni ile, na garantii ya miaka mitano. Nikamuuliza nani ataenda Dubai kurudisha ikikataa kubadilika. Akasema Mama Sue, wewe uza kahawa.

Unga akatulia, akafuta nyusi, na nikajua kuna kitu kikubwa kinakuja.

— Tusipake rangi, akasema. Tubandike vioo. Vipande vya vioo, kila mahali, tangi, maboksi, kila mahali. Mtu yeyote akiiangalia anaona uso wake. Akiwa wa huku, anaona mtu wa huku. Akiwa wa kule, anaona mtu wa kule. Sasa nani atarushia uso wake mawe?

Lazima niseme ukweli, benchi lililiheshimu wazo hilo. Hata mimi niliacha kukoroga sukari. Mzee Pritam alianza kuhesabu kwa vidole vioo hivyo vitaongeza uzito gani, na kama shokomzoba zitavumilia.

Wakati huo wote kulikuwa na mteja amesimama kando yangu. Mwanaume wa makamo, buti za shamba, na mshipi mpya wa mashine ya kupukuchua mahindi ametundika begani. Alikuwa ameununua hapo kwa Garantii, akaomba kahawa, akanywa polepole bila neno. Sikumjua. Alipomaliza aliweka kikombe chini vizuri, akaenda hadi pale pikipiki ilikuwa, akaizunguka. Aligusa kile kiti cha nyuma. Akabonyeza sponji na kidole gumba, kama mtu anaangalia kama parachichi limeiva. Akainama akaangalia pahali pa miguu.

— Hii ndio ya kwenda Rongai? akauliza.

Unga akafurahi kupata mtu mpya. Akamwelezea yote, gurudumu, taa ya trela, kabati la keki. Akamwambia mbele atakaa mwenyewe, nyuma bibi, boksi la kushoto nguo, boksi la kulia zawadi za wakwe, na sasa wako kwa vioo. Yule mtu alisikiliza hadi mwisho. Hakucheka, hakukasirika.

— Na mtoto atakaa wapi? akauliza.

Unga akamwangalia.

— Mtoto gani?

— Wa Jepkoech.

Chini ya pikipiki spana iliacha kulia. Miguu ya Mathenge ikaanza kusogea. Halafu akatoka, polepole, mgongo umejaa mchanga, akasimama. Kumbe wanajuana.

— Kipkorir, akasema.

— Shemeji.

Nikaogopa. Kuna swali moja ambalo wanaume huuliza mahali kama hapo, miezi ikiwa imepita na bibi amekaa kwao, na likishatoka mdomoni halirudi. Niliona likimfika hapa kwa koo. Akaangalia kile kiti. Akalimeza.

— Alizaliwa lini?

— Mwezi wa nane.

— Mbona hamkuniambia?

Kipkorir alipanga mshipi wake begani upya. Akasema Jepkoech mwenyewe hakujua siku ile ya lori. Alipojua, alitaka kutuma mtu, na mama yake akakataa. Mama alisema habari ya mtoto haitumwi kwa mwenye mtoto kama habari ya ng'ombe aliyepotea. Mwenye mtoto anakuja. Kwa hivyo wamekuwa wakingoja. Sauti ya gari ama pikipiki yoyote ikipita, alisema, Jepkoech hutoka nje.

— Amesema nini juu yangu?

— Mimi nilitumwa mshipi, Kipkorir akasema. Maneno yenu ni yenu.

— Ni kijana ama msichana?

— Si uje uone.

Garantii alikuwa ameshika mkebe wa rangi, sijui aliutoa saa ngapi. Mzee Pritam aliweka kikombe chini, akazunguka pikipiki mara moja, akapima na mkono kati ya kiti cha mbele na kile cha nyuma. Akapima tena kati ya kiti na boksi. Akasema ngoja, naweza kukata hapa. Akaanza kutafuta msumeno. Mathenge akamwambia, wacha, Mzee.

Akaja kwangu. Akaosha mikono na petroli, halafu na sabuni yangu, halafu na petroli tena, grisi ya kwa kucha ikakataa. Kipkorir alikuwa ameshaanza kwenda upande wa steji ya magari ya Rongai, akasimama hapo mbele akimngojea.

— Mama Sue, Mathenge akasema, kwa sauti ya chini ili benchi lisisikie. Aliyezaliwa mwezi wa nane anashikwa namna gani?

Nilichukua pakiti ya unga wa ngano ya kilo mbili, ile nilikuwa nimefungua ya mandazi, nikamwekea mkononi. Nikamwambia mkono huu unaenda chini ya shingo, mwingine huku chini, na usimwinue haraka. Akafanya. Nikamwambia hapana, kichwa kwanza. Akafanya tena, akaiinua haraka, ngano ikamwagika kidogo kwa viatu vyake. Nilimwacha ashike hiyo pakiti hadi ikamkaa vizuri, halafu nikaichukua, akaenda steji.