Ukingo Alioubakiza Wembe

Mvua ilikuwa imeteremka kutoka mlima Kaala na kuichafua bahari yote ya kaskazini, na siku ambayo mawimbi yamechafuka, pale Waialua, mji mdogo wa kisiwani, hakuna mtu anayejifanya ana shughuli. Benchi la kijiweni likajaa mapema. Ni benchi refu lililoegemea ukuta wa kinu cha zamani cha sukari. Kinu chenyewe hakijasaga muwa miaka mingi, na vyumba vyake sasa ni vya mafundi wanaochonga mbao za kutelezea mawimbini. Vumbi la povu gumu wanalolichonga hutoka chini ya milango kama unga wa mgawo. Fundi mmojawapo alikuwa Hanale Makekau, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona na nyusi nyeusi, wakamwita Vumbi. Pembeni yake alikaa Tadashi Oshiro, aliyekuwa akipima matangi ya kinu enzi zake, na ambaye mpaka leo haamini kitu kisichopimwa. Huyo ni Rula. Birika la kahawa na bakuli la malasada, yale maandazi ya Kireno ya sukari tele, yalikuwa mikononi mwa Manuel Medeiros, dereva mstaafu wa malori ya miwa, bingwa wa kuzisema methali pasipo mahali pake. Huyo ni Methali, na jina hilo halihitaji maelezo. Mwisho wa benchi palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na hakuna aliyeikalia tangu Elika Nahulu, yaani Wembe, fundi mwenzake Vumbi, alipolala adhuhuri moja baada ya kula na asiamke.

— Haya, mimina bwana, mbona unaipima kama dawa? alisema Rula.

— Subira, baba. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Sasa hiyo na kahawa wapi na wapi?

— Utaielewa ikikuunguza ulimi.

Vumbi alicheka kidogo, kisha akaacha. Gari la mizigo lilikuwa limesimama mbele yao, na mwanamke wa makamo aliyevaa viatu vya mjini alikuwa akishuka. Alimtambua kwa mwendo kabla ya sura. Ni Haunani, binti wa Wembe, aliyehamia Las Vegas kufanya kazi hotelini, kama walivyohamia nusu ya watoto wa pale.

— Shikamooni, anko zangu.

— Marahaba, mama! Karibu, karibu kahawa. Methali alikuwa ameshasimama. Pole tena na msiba. Ila umefanana naye, jamani! Kweli mtoto wa nyoka ni nyoka.

— Methali, hiyo si sifa, Rula alimnong'oneza kwa sauti ambayo hata wa ndani ya kinu waliisikia.

Haunani alitabasamu. Akawaomba wamsaidie kushusha kitu. Kilikuwa kimefungwa kwa shuka, kirefu kuliko mtu, chepesi kuliko kinavyoonekana. Walipokilaza juu ya makreti mawili na shuka ikaondoka, kijiwe kizima kilisogea karibu.

Ulikuwa ubao wa Wembe, haujamalizika. Povu jeupe, uti mwembamba wa mti katikati, mkia umeshakatwa. Ukingo mmoja ulikuwa umechongwa na kupigwa msasa ukawa laini kama shavu. Ukingo wa pili bado ulikuwa na kona, kama mkate wa kopo.

— Niliukuta karakanani kwake, alisema Haunani. Kesho kutwa narudi bara. Anko Hanale, nimekuja kukuomba uumalize.

Vumbi aliusogelea ubao. Yeye na Wembe walijifunza randa kwa mzee mmoja, wakala naye samaki na poi, ule uji mzito wa magimbi, kwenye sahani moja, lakini walipoanza kuchonga kila mtu kivyake walipishana kama mchana na usiku. Wembe alichonga mbao nyembamba zenye kingo kali, za vijana wa mashindano. Alikuwa akisema ubao ni mwalimu: ukikosea, ukuadhibu. Vumbi alichonga nene, zenye kingo za mviringo, na akasema ubao ni mama: ukikosea, ukusamehe. Wamebishana hivyo juu ya benchi hili mpaka mvi. Na katika maisha yao yote, hakuna aliyewahi kuugusa ubao wa mwenzake kwa chombo cha kazi. Kwa mkono, ndiyo. Kwa randa, hata siku moja.

— Ngoja kwanza, alisema Rula akiinama. Hebu tuangalie. Unene huu... Upana huu... Vumbi, unauona?

— Nauona.

— Huu si ubao wa Wembe.

— Ni wake, alisema Haunani. Nimeutoa pale pale juu ya vigingi vyake. Randa yake ilikuwa juu yake.

— Sikatai, binti. Nasema si wa aina yake. Mnene! Mpana! Ukingo wa mviringo! Huu ni ubao wa Vumbi uliochongwa na Wembe.

Vumbi alikuwa ameshaliona hilo tangu shuka ilipoanguka, na lilikuwa limemkaa kifuani. Aliupitisha mkono juu ya ule ukingo uliomalizika. Hakukuwa na kasoro. Lakini pia hakukuwa na ule ukali wa Wembe. Kila mahali ambapo kiganja kilitarajia kukatwa, kilipokelewa.

— Maelezo ni rahisi, alisema Rula. Macho. Mtu akizeeka haoni alama za penseli. Alikusudia kupunguza, akadhani ameshapunguza.

— Wembe? Wembe alikuwa haangalii alama, Vumbi alisema. Sisi tunazima taa ya juu, tunawasha za ubavuni, tunatazama kivuli. Kivuli kikivunjika, hapo pana kilima. Huhitaji macho ya kijana kuona kivuli.

— Basi alikuwa anakutania wewe! Methali alidakia huku akigawa malasada. Alitaka auchonge kama wako, aje auweke hapa mbele, tuusifie, halafu aseme: mnaona? Hata mimi naweza, tena kwa mkono mmoja! Umdhaniaye ndiye siye.

— Hiyo angalau imekaribia, alisema Rula. Lakini nina kubwa zaidi. Mawimbi yenyewe yamebadilika. Ndiyo! Msicheke. Mchanga unahama, na miamba inakua. Wimbi la siku hizi limenenepa, halina tena ile midomo mikali ya zamani. Wembe alikuwa ameshagundua, akaanza kubadilisha mbao kimyakimya kabla ya sisi wengine.

— Yaani wimbi limenenepa kwa kula nini? Malasada?

— We cheka tu.

— Mimi nawaambia ni mababu, alisema Methali, sasa kwa sauti ya kanisani. Wazee wa akina Hanale walipotaka kukata mti wa kuchonga ubao walizika samaki mwekundu shinani, wakaomba kwanza. Leo tunaletewa povu la kiwandani, nani anaomba? Hakuna. Basi mababu wamemjia Wembe ndotoni, wakamwambia, mbona unachonga visu? Mbao zetu zilikuwa nene, watu wazima na watoto walipanda. Akaamka, akaanza huu. Akafa kabla hajamaliza kwa sababu yale aliyoonyeshwa hayakupasa kuonekana. Usiache mbachao kwa msala upitao.

— Methali, mwenye baba yake yupo hapa, Vumbi alisema taratibu.

— Samahani, mwanangu. Mdomo huu.

— Hapana, anko, endeleeni. Hata baba alipenda kelele zenu. Haunani alikuwa ameketi ukingoni mwa kreti, si kwenye nafasi iliyo wazi. Alikishika kikombe kwa mikono miwili. Nina swali moja tu. Alikuwa anamchongea nani?

Rula alisogea karibu. Akauinamia uti wa mti ule, mahali ambapo fundi huandika kwa penseli jina la mwenye ubao. Palikuwa patupu.

— Hakuandika, alisema.

— Nimeona. Ndiyo maana nauliza.

Lilikuwa swali la kwanza ambalo Vumbi mwenyewe humuuliza kila anayekuja karakanani: nani ataupanda? Hawakuwa wameuliza. Walikuwa wameshapita kwenye macho, utani, mawimbi na mababu, na hilo dogo hawakuliuliza.

— Nilikuwa msichana mdogo, alisema Haunani, aliponipandisha kwenye ubao wake mmoja wa mashindano. Ulinitupa. Nikachanika goti kwenye mwamba. Nilipotoka majini nalia, akauchunguza ubao kwanza, halafu akaniambia: ubao hauna kosa. Sikuingia majini tena. Na yeye hakunibembeleza. Kwa hiyo nikiuona huu, mnene hivi... najiuliza.

— Ni wako! Methali alisema, machozi yamemlengalenga. Wa nani mwingine? Ni wako, mama, alikuwa anakuomba radhi, mimi mwenyewe ali—

— Methali.

Vumbi hakupaza sauti, lakini Methali alikatika katikati ya neno.

— Wembe hakukwambia kitu. Usimtie marehemu maneno mdomoni. Kisha akamgeukia Haunani, huku akijua uongo ule ungekuwa mtamu kwa kila mtu. Mwanangu, sijui. Nakusomea ninachokiona. Ubao huu ni wa mtu asiye na haraka. Mtu ambaye hajajua kusimama, au amesahau, au magoti yamemchoka. Unaweza kuwa wako. Unaweza kuwa wake mwenyewe, kwani kifua kilikuwa kinamsumbua na hakusema. Unaweza hata kuwa wangu. Msimu uliopita nilianguka mbele yake mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, naye hakunicheka. Wembe kutokucheka! Nilipaswa kushtuka. Lakini ubao haukunitajia jina. Nikikwambia ni wako, nitakuwa nimebuni.

Haunani aliitikia kwa kichwa. Chozi lilimtoka, akalifuta kwa mgongo wa mkono.

— Bora hivyo, alisema. Las Vegas kila mtu ananiambia ninachotaka kusikia. Ndiyo kazi yangu pia.

— Lakini siwezi kuumalizia mtu nisiyemjua, alisema Vumbi. Hilo nalo ni kweli. Kwa hiyo hapa lazima mtu achaguliwe.

— Basi umalize uwe wangu.

— Simama.

Alisimama. Vumbi akamzunguka kwa nyuma kama anayetafuta kitu chini, na bila kumwonya akampiga msukumo mdogo mabegani. Haunani aliyumba mbele na mguu wa kulia ukatangulia.

— Anko! Una wazimu?

— Kulia mbele, Rula alisema kwa sauti ya chini. Kama baba yake.

— Na kama watu wengine wengi tu, alisema Vumbi. Hiyo haina maana yoyote, ila sasa najua utasimamaje. Nipe muda mpaka jioni.

Karakanani alifunga mlango, akazima taa ya juu, akawasha za ubavuni. Kivuli kikalala juu ya ubao. Aliishika randa, akaiweka chini. Akaishika tena. Kilichomtisha hakikuwa kukosea. Kilichomtisha ni kwamba kila unyoya wa povu atakaoutoa utaanguka juu ya unyoya alioutoa Wembe, na baada ya hapo hakutakuwa tena na kazi ya Wembe peke yake duniani. Alisimama hivyo muda mrefu. Mwishowe akauweka mkono wa kushoto kwenye ukingo wa rafiki yake ili umwongoze, na wa kulia ukaanza kazi kwenye ule wenye kona. Alitazamia mabishano. Alidhani mkono wake utakuwa unavutana na mkono wa yule mtu kama walivyovutana maisha yao yote. Hakuvutwa. Povu lilimwagika sakafuni kama maganda, na mara mbili tatu alijikuta anazungumza peke yake: — Kumbe. Kumbe, bwana. Kumbe ulikuwa unasikiliza.

Jioni jua lilikuwa limetoka mawinguni na wote watatu bado wapo kijiweni alipoutoa nje, yeye mwenyewe mweupe mpaka kope. Aliulaza juu ya makreti, akaugeuza tumbo, kisha mgongo, wauone wote.

— Bado kuuvika fiba, kile kitambaa cha kioo, na gundi, alisema. Nitautuma kwa meli.

Rula alitoa futi yake mfukoni, akapima kushoto, akapima kulia, akarudia, akairudisha mfukoni bila kutaja namba. Kwa Rula hilo lilikuwa jambo zito.

Haunani aliukaribia. Akaweka kiganja kimoja huku na kingine kule, akavipitisha kutoka puani hadi mkiani, taratibu, kisha akarudi.

— Upi ni wa baba?

— Huu wa kulia! alisema Methali. Niliuangalia vizuri asubuhi, ulikuwa upande wa barabarani.

— Wa kushoto, alisema Rula. Umeshageuzwa mara mbili, zee.

— Mara moja na nusu!

— Nusu ndiyo ipi? Ubao unageuzwa nusu?

Walibishana mpaka wakapotea wenyewe, wakamtazama Vumbi. Vumbi alijua. Alikuwa ameshafumbua mdomo, na mkono umeshaanza kuinuka kuonyesha.

Haunani alikuwa amefumba macho, viganja vyote viwili bado vipo kwenye povu.

— Anko, alisema, tafadhali usiniambie.

Mkono ule ukashuka. Methali alitikisa birika, akakuta limekwisha, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri hakuwa na la wahenga la kusema.