Bi. Kanze Mwero, Mlezi wa Ukumbi Uliofuka Moshi

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Bi. Kanze Mwero, Afisa wa Utamaduni hapa Msambweni, atastaafu rasmi baada ya kuutumikia umma kwa miaka thelathini na minne. Tunamjua vizuri: tukingoja siku yenyewe, atafika kazini kama kawaida, atafunga ofisi jioni na kuondoka bila neno. Ndiyo maana tunamuaga leo Ijumaa, kabla hajapata nafasi ya kutuponyoka.

Bi. Kanze alizaliwa karibu na Mackinnon Road katika familia ya wafugaji wa Kiduruma. Kwao ng'ombe walikuwa wengi na mnazi haukuwapo hata mmoja, jambo ambalo lilikuja kumtia matatani, kama itakavyoonekana hapa chini. Alifundisha shule ya msingi kwa muda mfupi, kisha mwaka 1991 akaajiriwa kuwa msaidizi wa utamaduni. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuvikusanya vikundi vya ngoma kwa ajili ya sherehe za kitaifa. Siku hizo kila kitu kiliamuliwa Nairobi, na anakumbuka sherehe moja ambayo ruhusa ya kucheza ilifika wachezaji wakiwa wameshacheza, wamekula na wamelala.

Ulipokuja ugatuzi mwaka 2013, utamaduni ulihamishiwa kaunti, naye Bi. Kanze akahamishwa pamoja nao bila kuinuka kitini. Tangu hapo sehemu yetu imewekwa chini ya idara ya vijana, ikapelekwa kwenye utalii, ikarudishwa kwenye huduma za jamii, na kila ilipohama fundi alikuja na kibao kipya cha mlangoni. Vile vya zamani Bi. Kanze alivipeleka kwa seremala vikawa mabenchi ya ukumbi wetu, maandishi yakiwa upande wa chini. Wageni wengi huketi juu ya idara zilizopita bila kujua. Mzee Feisal, mpiga zumari wa kikundi cha sengenya, ngoma ya Wadigo, kutoka Kikoneni, anajua, naye huchagua pa kuketi. Husema benchi la Utalii linapendeza kwa macho lakini linaumiza mgongo.

Mtihani mkubwa ulikuja mwaka jana. Sera ilibadilika: kikundi hakingefadhiliwa tena kwa sababu tu kipo. Kila ukumbi ungetembelewa na wakaguzi, vikundi vicheze, na wananchi waje kutazama kwa hiari yao. Ukumbi usio na watazamaji ungegeuzwa ghala la viti na mahema. Wetu ulikuwa na wachezaji wazuri sana. Watazamaji ndio hatukuwa nao, kwa sababu kwa miaka yote tulizoea kuifuata serikali kwenye viwanja vyake, na mazoezi tuliyafanya milango ikiwa imefungwa.

Wakaguzi walifika asubuhi moja ya Mei, baada ya mvua ya usiku kucha. Waliongozwa na Bi. Veronicah, mama mpole asiyecheka ovyo. Walikuta wapiga ngoma, Bi. Kanze, na mbuzi wa jirani aliyejikinga na mvua barazani. Ngoma nazo zilikuwa zimelegea kwa unyevu. Ukizipiga ungedhani mtu anakung'uta godoro. Dawa ya hali hiyo ni kuzipasha moto ngozi zikaze, na kwa kawaida wapigaji huja na makuti yao makavu. Siku hiyo makuti yalikuwa kwa Mzee Feisal, na Mzee Feisal alikuwa amekwama kwenye matope ya Kikoneni.

Bi. Kanze hakungoja. Alichomoa makuti ya ua wa nyuma, yaliyolowa chepechepe, akayamwagia mafuta ya taa na kuyawasha. Mtu aliyekulia penye minazi angemwonya, lakini wa minazi wote walikuwa ndani wakiwapa wageni chai. Moshi uliopanda ulionekana hadi barabara kuu. Mlinzi wetu, Jacktone, ambaye ni mzaliwa wa bara na hajawahi kuona ngoma ikioteshwa moto, alipiga simu kwa zimamoto na kuwaambia, "Kujeni haraka, madam anachoma serikali."

Gari la zimamoto lilikuja na king'ora, na nyuma yake ikaja Msambweni. Walikuja wauza samaki, walikuja vijana wa bodaboda, walikuja hata waliokuwa wakingoja jamaa zao hospitalini. Walipofika, moto ulikuwa umeshika, Mzee Feisal alikuwa ameteremka kwenye pikipiki na zumari yake mkononi, na ngoma zilikuwa zimekaza. Watu waliokuja kutazama maafa walikuta sengenya, na hakuna aliyeondoka. Wazimamoto wenyewe walisimama wamekunja mikono, kisha mabega yakaanza kuwasaliti.

Bi. Veronicah aliuliza kama watu wale walialikwa. Bi. Kanze, ambaye uongo haumkai mdomoni, alimjibu, "Wameitwa na moshi, dada." Mkaguzi alikohoa kwa muda, akafuta macho, akaketi kwenye benchi la Utalii hadi mwisho. Ukumbi ukapewa miaka miwili kabla ya kukaguliwa tena. Bi. Kanze aliwaomba radhi wazimamoto mmoja mmoja, nao wakamwomba awaarifu siku nyingine ya ngoma, pasipo moto.

Mzee Feisal hajamsamehe. Kila wakionana humwambia, "Mduruma na makuti, wapi na wapi? Si ungengoja wenye minazi yao?" Naye humjibu kwamba angemngoja yeye, leo wangekuwa wanasalimiana ndani ya ghala la mahema.

Lakini Bi. Kanze hakutaka kutegemea moshi mara ya pili. Tangu siku ile, kila Alhamisi ya mazoezi huifungua milango ya mbele, akapita sokoni na hospitalini akisalimu watu na kuwaambia ni kikundi gani kinacheza jioni. Alhamisi za mwanzo walikuja watu wachache. Sasa anayechelewa husimama.

Wakaguzi watarudi Mei ijayo, na kwa utaratibu mpya wa ajira kiti cha Bi. Kanze hakitajazwa kwa sasa. Funguo za ukumbi zinabaki kwa karani, ndiye mwandishi wa wasifu huu, ambaye amemwuliza zaidi ya mara moja itakuwaje wasipokuja watu. Jibu lake halijabadilika: "Wasalimie kwanza, mwanangu. Ngoma utaipiga baadaye." Alhamisi mbili zilizopita alimpeleka karani huyo sokoni, akamtambulisha meza kwa meza, kisha akarudi nyuma akamwacha aseme mwenyewe. Jioni ile mabenchi yalijaa.

Bi. Kanze, asante kwa mabenchi, kwa milango iliyofunguliwa, na kwa kutufundisha kwamba ukumbi huishi kwa majirani wake. Mzee Feisal amekuandalia zawadi ya mzigo mmoja wa makuti makavu, uende nao kwenu Mackinnon Road. Mwenyezi Mungu akujalie afya, mifugo mingi na usingizi wa asubuhi za Jumatatu. Na Mei ijayo, ukiona moshi mwingi upande wa Msambweni, ujue tumeharakisha kama wewe. Njoo, na uje na watu.

Ashley Randu, Karani, Ukumbi wa Utamaduni