Mwalimu Lazarus Were na Hatua ya Nne

Wapendwa mliokusanyika nasi asubuhi hii kabla ya safari ya kwenda Bungoma kwa mazishi, familia inawasomea maisha ya Mwalimu Lazarus Were, na sehemu ya mwisho imeandikwa na bintiye Nakhumicha, ingawa inamtaja kwa jina, naye ameomba isifupishwe.

Mwalimu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1944 karibu na mji wa Bungoma, akaanza shule mwaka 1952, akahitimu chuo cha ualimu Novemba 1966, na kuanzia Januari 1967 alifundisha hesabu katika shule za msingi za Nairobi, ya mwisho ikiwa hapa Kangemi. Tarehe 16 Desemba 1972 alifunga ndoa na Peres Naliaka, wakajaliwa mabinti wawili, Nakhumicha na Lornah.

Mwaka 1993, yeye na rafiki yake Lalit, fundi wa kompyuta wa Spring Valley, walitunga programu ya kuazimisha vitabu vya maktaba za shule, wakaigawa bure pamoja na msimbo wake wote, yaani maagizo yaliyoandikwa ya kuiongoza kompyuta, ili kila shule iweze kuirekebisha na kuipitisha kwa nyingine. Diski zilitumwa kwa posta pamoja na karatasi ya hatua tisa za kuugeuza msimbo huo kuwa programu inayofanya kazi, na kila mara msimbo ulipobadilika Mwalimu aliiandika upya karatasi, kisha akamwita Mama Nthenya, mpishi wa chai wa shule, aifuate neno kwa neno kwenye kompyuta, huku yeye ameikalia mikono yake asije akamsaidia. Nthenya alizoea kumtania, "Mwalimu, nikikwama mimi, wewe ndiye umeanguka mtihani."

Mei 1997 daktari alimwambia kuwa moyo wake umechoka, akamkataza safari ndefu, naye akamkabidhi Nakhumicha kazi ile. Mwezi Juni Nakhumicha, anayefanya kazi katika ofisi moja katikati ya jiji, alihamishia sehemu ya msimbo kwenye diski ya tatu, akazituma diski zote kwa shule sita, na Mwalimu alipouliza kuhusu karatasi akajibu, "Nitaandika kesho, Baba," lakini hakuandika, wala Nthenya hakuitwa.

Jumatatu tarehe 14 Julai, Mwalimu Mwendwa, wa mojawapo ya shule hizo sita, alipiga simu nyumbani kutoka Kitui, akieleza kwa haya kwamba amekwama kwenye hatua ya nne mara tatu, na Nakhumicha, aliyeipokea simu hiyo, akamwambia, "Mwalimu, soma tena polepole, kila kitu kimo." Mwendwa aliomba radhi, akasoma tena siku mbili nzima, akiamini kwamba mjinga ni yeye, kisha akamwandikia Mwalimu telegramu.

Mwalimu alipanda basi hadi Kitui Ijumaa tarehe 18, akaliona kosa kwa dakika chache, kwamba karatasi haikuitaja diski ya tatu, akarudi Jumapili miguu ikiwa imevimba, na alichomwambia bintiye ni hiki tu, "Nakhu, hatua ya nne imepitwa na wakati, na yule bwana alikuwa anasoma vizuri." Alilazwa tarehe 4 Agosti, akatuaga Jumanne tarehe 2 Septemba 1997. Madaktari wametueleza kwamba moyo ungechoka hata bila safari hiyo, Nakhumicha amewasikiliza kwa heshima, lakini bado anaihesabu safari ya Kitui kuwa ni kosa lake, kwani angeweza kuizuia kwa mstari mmoja wa maandishi.

Juzi Alhamisi aliiandika upya karatasi, akamwita Nthenya, akaikalia mikono yake. Kwenye hatua ya nne Nthenya aligeuka akauliza, "Diski ya tatu ni gani kati ya hizi, mwanangu, mbona hazina alama?" Nakhumicha akaziandika namba, akaongeza mstari, wakaanza tena kutoka hatua ya kwanza, na safari hii Nthenya alifika ya tisa bila kuuliza neno. Nakala sita zimetumwa jana, zikiwa na jina la aliyekosea, na ya saba, iwe yake mwenyewe, amekabidhiwa Mwalimu Mwendwa, aliyekuja kutoka Kitui na ameketi pale safu ya pili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kangemi, walimu wenzake, Bwana Lalit na jamaa yake, na Mama Nthenya.

Mwalimu, karatasi imesomwa hadi mwisho. Pumzika sasa kwa amani.