Binti Anayesomea Wahalifu

Kona yetu ya mtaa wa Umlazi ina benchi moja, mbele ya meza ambapo mimi, bibi MaDlomo, nauza kahawa na maandazi. Wanaume wasio na kazi hukaa hapo kuitengeneza nchi kwa mdomo. Asubuhi hiyo walikuwepo Profesa, aliyeishia darasa la sita kama mimi ila yeye hajakubali, na Masotsha, mlinzi mstaafu wa duka la viatu. Mfaniseni, mdogo wake Profesa, alikaa peke yake juu ya kreti, langoni kwao, ng'ambo ya barabara. Katoka gerezani tangu Pasaka, analala kibanda cha nje.

— Zamaswazi wa mama Cele ana digrii ya uhalifu, Masotsha akasema.

— Ya elimu ya uhalifu, bwege wewe, nikamwambia. Sasa yuko mwaka wa heshima, ule wa juu ya digrii.

— Heshima kwa wezi?

— Wanafundishwa kunusa, Profesa akadakia. Mwizi akipita, wanajua kaiba nini.

— Basi usipite karibu, nikamwambia. Kuku wangu sijampata.

— Mimi nasikia wanapima kichwa, Masotsha akasema. Hakimu anakituma chuoni, kinarudi na majibu.

— Na mwenye kichwa anangoja wapi? nikauliza.

— Mahabusu, bibi. Wapi tena?

Tulicheka mpaka Zamaswazi alipotokea mwenyewe. Mtoto niliyempangusa kamasi! Masotsha akavua kofia. Profesa akampisha akae, jambo ambalo hajanifanyia mimi na magoti haya.

— Binti, akauliza kwa sauti ya kanisani, mnasoma nini hasa?

— Natafiti waliotoka gerezani, baba. Kwa nini wengine hurudi kule, wengine hubaki nyumbani.

— Na chuo kizima kinataka kujua hilo?

— Kinataka. Kutoka kwenu.

Masotsha akapiga mluzi. Hata mimi niliacha kukoroga. Watu wa maghorofa, wanauliza habari za wezi wetu!

Binti akatazama ng'ambo.

— Mjomba Mfaniseni, nani alimwosha langoni?

Kwetu mtu hatoki gerezani akaingia nyumbani hivi hivi. Mkubwa wa familia humchinjia mbuzi, humwosha langoni kwa nyongo, akiwa peku, ndipo amwite ndani. Baba yao alishakufa. Mkubwa ni Profesa.

Profesa alikunywa kikombe kitupu, akakinywa tena.

— Hajaniomba, akasema mwishowe.

— Anakaa langoni tangu Pasaka, nikamwambia. Ulitaka aombe kwa tarumbeta?

Profesa akasimama.

— MaDlomo, yule beberu wako bado unaye?

Sikutaja bei. Nilikwenda kumfungua.

Mfaniseni alipomwona kaka yake akivuka barabara na mbuzi, aliinuka kwenye kreti, akaanza kuvua viatu.